Mbuzi wa maziwa kwa anayeanza: mbegu safi au chotara?

Mtoto wa kaka yangu, aliyeolewa Makunduchi, kusini mwa Unguja, alinipigia simu usiku baada ya Isha. Upatu umemfikia, na safari hii hataki kabati wala bangili. "Ami, nataka mbuzi wa maziwa. Kwa pesa niliyonayo napata weupe wawili, mbegu safi kabisa, au chotara wanne na chenji inabaki. Nichukue wepi?"

Mimi nafuga Pemba, upande wa Wete, huu mwaka wa tisa, na swali hilo nimeshalijibu mara mbili. Mara ya kwanza nililijibu kwa mfuko wangu, nikakosea. Nilimwambia anipe siku mbili nimwandikie. Niliyomwandikia ndiyo haya, na nimeongeza kidogo kwa ajili ya wengine wanaotaka kuanza.

Kwanza ujue unauziwa nini

Anayekwambia "mbegu safi" anakusudia mbuzi ambaye baba na mama, babu na bibi, wote ni wa aina moja ya maziwa. Utawasikia Saanen, wale weupe wa Uswisi. Utawasikia Toggenburg, wa Uswisi pia, rangi ya kahawia na mistari miwili myeupe usoni. Wapo Anglo-Nubian wenye pua ya kupinda na masikio yanayoning'inia, waliotengenezwa Uingereza kwa kuchanganya mbuzi wa huko na madume yaliyotoka Mashariki ya Kati, India na Afrika ya Kaskazini. Na kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, wako mbuzi wa asili ya Norway, waliofika kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine miaka ya 1980. Ukiangalia ramani utaona kitu: ukimtoa Nubian, hawa wote asili yao ni baridi.

Chotara ni hesabu. Beberu safi akimpanda mbuzi wetu wa kienyeji, mtoto ana damu nusu. Huyo akipandwa na beberu safi mwengine, anayezaliwa ana robo tatu. Kizazi kinachofuata ni asilimia 87.5, na baada yake 93.75. Ndivyo watu wanavyopanda ngazi bila ya kununua jike safi hata mmoja.

Mtego uko kwenye neno lenyewe. Damu nusu wa kizazi cha kwanza ni mbuzi wa kutabirika: ndugu hufanana, na ule mchanganyiko unampa nguvu ambayo hata baba yake hana. Lakini chotara akipandwa na chotara mwenzake, watoto hutawanyika. Mmoja anamfuata bibi wa kienyeji, kiwele kama ngumi ya mtoto. Mwengine anamfuata babu wa Uswisi, mpaka kwa kuugua. Wote wawili wanaitwa chotara na wanauzwa bei moja. Kwa hiyo usiulize kama ni chotara. Uliza baba yake ni nani na yuko wapi, na kama anaweza kuonekana.

Maziwa

Kwenye maziwa safi anashinda, tusidanganyane. Saanen aliyetunzwa vizuri huko Ulaya hutoa lita tatu kwa siku na zaidi, na hukamuliwa miezi minane hadi kumi. Mbuzi wetu wa kienyeji akikupa nusu lita baada ya mtoto kunyonya, mshukuru Mungu, na baada ya miezi mitatu minne amekauka. Damu nusu anayelishwa yuko katikati: lita moja, moja na nusu.

Ila zile lita tatu ni za Ulaya. Huku kisiwani mbuzi yule yule anahema kutwa kupoza mwili, na siku za joto anakula kidogo. Saanen wangu mmoja hakupita lita mbili, na hizo mbili zilikuwa za kipupwe. Iliporudi kaskazi na joto la Januari akashuka chini ya moja na nusu. Chotara niliyemnunua baadaye alianza na moja na robo, akakaa hapo hapo, kaskazi na kusi. Ukiandika kila siku daftarini, mwisho wa mwaka tofauti yao ni ndogo kuliko tofauti ya bei zao.

Kama unakusudia mtindi, angalia na mafuta. Saanen ana maziwa mengi mepesi, mafuta asilimia tatu na nusu hivi. Nubian anatoa kidogo zaidi lakini mafuta yake hufika asilimia nne mpaka tano, na mtindi wake unasimama kwenye kijiko. Mimi ningekuwa nachagua damu ya kuingiza kwenye mbuzi wa pwani, ningechagua Nubian kabla ya Saanen: joto analivumilia vizuri zaidi, na hana ile ngozi nyeupe ya kiwele inayobabuka kwa jua. Wako watakaobisha. Wabishe, lakini waje kukaa bandani saa nane mchana mwezi wa Februari.

Joto, kupe na minyoo, yaani pale nilipokosea

Saanen wangu walikuwa wawili. Niliwanunua bara, kwa muuzaji nisiyemtaja, kwenye milima ya baridi. Walivuka kwa meli mpaka Mkoani, kisha kwa pikapu mpaka Wete. Ilikuwa Februari. Wiki ya kwanza walikula vizuri, na majirani walikuja kuwatazama kama harusi.

Siku ya kumi na mbili mmoja alipata homa akaacha kula. Kesho yake asubuhi nilimkuta anazunguka bandani, anainua miguu juu kama anayevuka maji, anatafuna na mdomoni hamna kitu. Nilimpigia simu bwana mifugo. Kabla ya Adhuhuri mbuzi ameanguka, anapiga miguu, kichwa kimerudi nyuma. Bwana mifugo alipofika alipitisha vidole pale kupe wanapojificha, chini ya mkia, masikioni, mapajani. Akatoa mmoja karibu na kiwele, mkubwa, mgongoni ana nakshi za rangi kama ushanga. Akamweka kwenye kiganja changu. "Huyu ndiye anayeleta maji moyo," alisema. Jina limetokana na maji yanayojaa kwenye mfuko wa moyo. Dawa ipo, oksitetrasaiklini, lakini ni ya siku ya homa. Mbuzi akishaanza kutembea kama anayevuka maji, umechelewa.

Banda la pili nilikuwa na mbuzi wanne wa kienyeji, kupe ni wale wale. Hawakukosa hata mlo mmoja. Wamezaliwa hapa, wamekutana na ugonjwa wangali wadogo, wakati mwili wa kitoto una kinga yake ya awali, na wakabaki na ulinzi. Saanen wangu walikutana nao wakiwa wakubwa, wamechoka na safari, katikati ya joto.

Kuanzia siku ile nagawa mbuzi makundi mawili kabla ya kufika kwenye usafi wa damu: aliyezaliwa kisiwani na aliyeshushwa melini. Mbegu safi aliyezaliwa Unguja au Pemba, mama yake akaishi na kupe wetu, ni mbuzi mwengine kabisa na yule wa juzi kutoka milimani. Ukiambiwa "safi", uliza alizaliwa wapi. Na kama lazima umlete kutoka bara, pamoja na vibali vya mifugo vya huko na huku, mlete Juni au Julai, wakati wa kipupwe, na mtenge na wenzake wiki mbili tatu.

Kuna wanaotisha watu wa Unguja kwa mbung'o, yule nzi anayefyonza damu, na ugonjwa wake wa ndorobo. Hizo ni habari za zamani. Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliotiwa ugumba kwa mionzi kuachiwa kwa mamilioni kutoka kwenye ndege. Pemba hawakuwahi kuwepo. Hofu yako iweke kwenye kupe na minyoo.

Minyoo ndipo mimi na mtoto wa kaka yangu tunapoachana. Pemba kuna mvua, mabonde na majani mabichi. Kiluwiluwi cha mnyoo kinapanda kwenye jani lenye umande, mbuzi anakula, mnyoo anafyonza damu tumboni. Makunduchi ni mawe matupu ya matumbawe, majani ya ardhini machache, mbuzi anakula vichaka kwa kunyoosha shingo juu. Minyoo huko ni kidogo kwa sababu mbuzi hali majani ya chini. Chotara aliyekuwa akinisumbua hapa angepumua kule. Safi naye angepumua kidogo upande wa minyoo, lakini kivuli chake ni kazi kukipata, na maji ya visima vya huko mengi yana chumvi chumvi, wakati mbuzi anayekamuliwa anataka lita tano na zaidi kwa siku.

Popote ulipo, jifunze kufunua jicho. Bonyeza kidogo kope ya juu, vuta ya chini, tazama nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu ya kukolea, mwache. Ikiwa ya waridi iliyofifia, anza kuwaza. Ikiwa nyeupe kama karatasi, au ukiona uvimbe wa maji chini ya taya, mpe dawa ya minyoo leo. Mbuzi safi anafika kwenye weupe ule haraka zaidi. Chotara wa damu nusu anakupa nafasi ya kuzembea wiki moja, na anayeanza atazembea, mimi namjua.

Majani na pumba

Mbuzi wa kilo arubaini anataka kilo saba nane za majani mabichi kwa siku, na hayo ni kabla hujamwambia atoe maziwa. Pemba tuna bahati: mfenesi (hakuna jani mbuzi analolipenda kama la mfenesi), mlusina, glirisidia kwenye mipaka ya shamba, mabingobingo bondeni. Kata baada ya umande kukauka, ning'iniza, usimwage chini.

Chotara kwa majani hayo na maganda makavu ya muhogo atakulipa. Safi hatakulipa. Mwili wake umetengenezwa kutoa maziwa kabla ya kujijenga, na asipopewa pumba na mashudu atayatoa kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka utahesabu mbavu. Kadiria nusu kilo ya chakula cha kuchanganya kwa kila lita inayozidi ya kwanza. Sasa pumba na mashudu vinavuka bahari. Kusi ikivuma vibaya na vyombo vikachelewa, bei inapanda, na mbuzi hajui habari za bahari. Hilo mimi ndilo lililonichosha zaidi ya kupe.

Madume nayo

Nusu ya watakaozaliwa ni madume, na watu wanaolinganisha maziwa tu huwasahau. Dume la chotara linakua kubwa kuliko la kienyeji, na likifika mwaka linauzwa Idd el Hajj bila ya kutafuta mnunuzi. Akika pia, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Kisiwa hiki hakikosi mtu anayetafuta mbuzi. Angalizo moja: usiwakate masikio kuwaweka alama. Mnunuzi wa Idd anatazama masikio kabla ya nyama, na likiwa limekatwa anakwenda kwa jirani yako. Wavishe hereni ya nambari au kamba ya shingo.

Dume safi lina bei kubwa zaidi ikiwa tu lina karatasi: tarehe ya kuzaliwa, mama na maziwa yake, baba na alikotoka. Bila ya hayo unauza nyama tu. Mwenye kupenda daftari anaweza kufanya biashara nzuri ya mabeberu, kwa kuwa kila mwenye chotara anamhitaji. Lakini hiyo ni kazi ya mwaka wa tano, si ya mwaka wa kwanza.

Usafi uuweke kwa beberu

Hapa ndipo nilipofika mara ya pili nilipoanza. Pesa ya usafi usiipeleke kwa majike, ipeleke kwa dume, na kama unaweza, dume la mtu mwengine. Beberu mmoja anatosha majike ishirini na tano. Wewe, tuseme, una watatu. Kumlisha mwaka mzima kwa kazi ya siku sita ni hasara, na ukimfunga karibu na wanaokamuliwa maziwa yanabeba harufu yake. Wafugaji wanne watano wa shehia moja wachangie beberu safi mmoja, wakae naye mwaka na kitu, kisha wabadilishane na shehia nyengine kabla hajawafikia mabinti zake. Visiwa ni vidogo, damu inajirudia upesi. Nimeona banda ambalo baba, mume na babu ni mbuzi mmoja, na vitoto vyake vinazaliwa taya fupi.

Na hesabu ya muda ni hii. Mimba ni miezi mitano. Mbarika, yaani jike ambalo halijazaa, anapandwa akiwa na miezi kumi na moja hivi, akiwa na mwili, si umri tu. Ukianza leo na jike la kienyeji, damu nusu anazaliwa baada ya miezi mitano, robo tatu baada ya miezi ishirini na moja, na wa asilimia 87.5 baada ya miezi thelathini na saba, kama kila hatua umejaaliwa jike. Miaka mitatu na mwezi. Wote wamezaliwa kisiwani na kupe wetu wanawajua. Mimi kwa Pemba nasimama kwenye robo tatu, hapo juu sioni faida inayolipa dawa.

Mambo mawili kuhusu beberu mwenyewe. Usimpe jike dogo la kienyeji la uzazi wa kwanza, kitoto kitakwama. Mpe aliyekwisha kuzaa. Na usipandishe dume lililozaliwa bila ya pembe kwa jike lililozaliwa bila ya pembe. Kwa Saanen na jamaa zake, ukutano huo huzaa baadhi ya majike yasiyo jike wala dume, tasa maisha yao yote. Watu hupenda mbuzi kipara kwa kuwa hapigi, na ndivyo wanavyojiletea balaa. Mmoja kati yao awe na pembe.

Ukishafika bandani kwa muuzaji

Nenda alfajiri kabla hajakamua, au nenda na urudi jioni. Ujanja wa zamani ni kumwacha mbuzi bila ya kukamuliwa tangu jana, kiwele kinajaa kama puto, mnunuzi anaingia mtegoni. Mwambie akamue mbele yako mpaka kiwele kinywee, kisha rudi baada ya masaa kumi na mbili umkamue wewe mwenyewe. Mkamuo huo wa pili ndio wa kweli. Mchirizi wa kwanza wa kila chuchu upige kwenye kitambaa cheusi. Ukiona vibonge au nyuzi nyuzi, kiwele kina ugonjwa. Shika pande zote mbili, ziwe laini sawa baada ya kukamua, pasiwe na jiwe ndani.

Fungua mdomo wa chini. Meno mawili makubwa mbele ni mwaka na kitu, manne ni miaka miwili, sita mitatu, manane minne. Kwa anayeanza, nachagua mwenye manne, aliyezaa mara moja. Ghali kidogo kuliko mbarika, lakini maziwa yake umeyaona kwa macho.

Nilimwambia basi mtoto wa kaka yangu: chotara watatu wa damu nusu, waliozaa mara moja, waliozaliwa Unguja. Chenji iwe banda la kuinua futi tatu kutoka chini, sakafu ya mbao zenye nafasi ya kidole kimoja, paa la makuti. Mabati yatawachoma. Weupe wawili nimemwambia awasahau mpaka daftari lake lijae mwaka mzima.

Juzi kapiga tena. Amepata wawili Unguja Ukuu, wa tatu bado anatafuta. Beberu yuko Kizimkazi, Nubian, mwenyewe anaandika kila kitu. Mmoja wa mbuzi wake ana joto tangu jana usiku, anatikisa mkia na kulia, na anataka kumpeleka leo kwa sababu joto halikai zaidi ya siku moja na nusu. Mbuzi huyo hana pembe. Nilimuuliza kitu kimoja tu, beberu anazo?

"Anazo, ami. Na harufu yake naisikia kwenye kanga zangu mpaka leo, tangu nilipokwenda kumtazama."